Intel au AMD: prosesa ya gemu kwa mfuko wa Mbagala na Tegeta

Kijana wa Mbagala anayetafuta kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu hukutana na swali moja kila anapoomba ushauri: Intel au AMD? Ushindani huo ni wa siku nyingi. Intel ilianzishwa 1968, AMD mwaka uliofuata, na tangu hapo kampuni hizo mbili za California zimekuwa zikipokezana uongozi. Lakini kwa mnunuzi wa Temeke au Kinondoni swali hilo limetangulia mno. Cha kwanza kujua ni kama fedha iliyopo ni ya mtumba au ya mpya, na kama kompyuta itakuwa na kadi ya picha au la. Hayo mawili yakishajibiwa, jina la kampuni mara nyingi hujichagua lenyewe, na anayeshikilia jina kwanza ndiye anayerudi nyumbani na mashine isiyomfaa.

Vipimo tunavyoviona YouTube vimechangia kutupotosha, ingawa wanaovifanya hawana kosa. Mpimaji wa prosesa huchukua kadi ya picha yenye nguvu kubwa, mfano RTX 4090, kisha hushusha ukubwa wa picha hadi 1080p ili kadi isiwe kikwazo na tofauti ya prosesa ionekane waziwazi. Tuseme prosesa moja inatoa fremu 180 kwa sekunde na nyingine 220. Kipimo hicho kinazitendea haki prosesa zote mbili, lakini hakimwambii chochote mwenye GTX 1650 na monita ya inchi 19 iliyotolewa ofisini. Monita ya namna hiyo huonyesha picha 60 kwa sekunde, haizidi hapo. Fremu zote za ziada zinapotea bila jicho kuziona.

Tugawe kazi tuone. Kwenye gemu ya mpira, prosesa ndiyo inayopiga hesabu ya kila mchezaji anakimbilia wapi, mpira unadunda vipi na beki wa kompyuta anaamua nini, kisha inaiagiza kadi ya picha ichore. Kadi inachora nyasi, jezi, vivuli na mashabiki. Kadi ikiwa dhaifu, prosesa inamaliza hesabu zake na kukaa ikisubiri, na hapo hata prosesa bora kuliko zote duniani haitaongeza kitu. Ndiyo maana watengenezaji wa gemu hutaja vyote viwili. EA Sports FC 24 iliomba, kwa kiwango cha chini, Core i5-6600K au Ryzen 5 1600, pamoja na kadi ya GTX 1050 Ti au RX 570. GTA V, ilipoingia kwenye kompyuta Aprili 2015, ilipendekeza Core i5-3470 au AMD FX-8350 na kadi ya GTX 660. Hiyo i5-3470 ni ile ile inayokutwa ndani ya Dell OptiPlex 7010 nyingi za mtumba. Kwa mtu ambaye gemu zake ni GTA V na PES 2017, upande wa prosesa tatizo lilishakwisha zamani. Kilichobaki ni kadi.

Ukipita maduka ya kompyuta zilizotumika, kuanzia Kariakoo hadi Makumbusho, utaona Intel karibu tupu: HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Hizi ni kompyuta za maofisi ya Ulaya, Marekani na Ghuba, zilizostaafishwa baada ya miaka michache ya kazi na kupakiwa kwenye makontena. Kati ya 2011 na 2017 AMD ilikuwa na prosesa za FX, zilizokula umeme mwingi na kuzidiwa na Intel katika kasi ya kiini kimoja kimoja, kwa hiyo maofisi yalinunua Intel. Ryzen ilikuja Machi 2017 ikageuza hesabu, lakini zamu ya kununua kompyuta za ofisi haibadiliki kwa siku moja. Hivyo tunachokiona leo kwenye rafu ni matokeo ya mashindano ya miaka kumi iliyopita. Mwenye bajeti ya mtumba anaponunua Intel hajaipendelea kampuni hiyo. Amenunua kilichopo, na hajakosea.

Anaweza kukosea katika mambo mengine. La kwanza ni herufi i na namba inayoifuata. Muuzaji akisema, "Kaka, hii ni i7, hakuna gemu ya kuishinda," macho yaende kwenye namba ndefu inayofuata. Core i7-2600 ni ya 2011. Core i3-12100F, ya 2022, inaizidi kwa mbali, na kwenye gemu inaipita hata i7-7700K ya 2017 iliyowahi kuwa fahari ya wachezaji. Kizazi kinasomwa kwenye tarakimu za mwanzo: 4590 ni kizazi cha nne, 8500 cha nane, 12400 cha kumi na mbili. Kwa gemu, kizazi kina uzito kuliko i3, i5 au i7.

La pili ni kasha lenyewe. EliteDesk 800 G1 ndogo, ile nyembamba inayolazwa chini ya monita, ina pawa saplai ya wati 240, na waya mkuu wa umeme wa madabodi yake una pini sita badala ya 24 za kawaida. OptiPlex 9020 nayo ina waya wa pini nane wa Dell peke yake. Anayepanga kununua pawa saplai kubwa baadaye agundue mapema kwamba ile ya dukani haitachomeka bila kiunganishi maalumu. Kasha hilo jembamba pia linakubali kadi fupi tu. Chaguo linalofanya kazi bila kuisumbua pawa saplai ni kadi inayokula wati 75 au pungufu, kwa sababu huo ndio umeme ambao sloti ya madabodi inaruhusiwa kuutoa: GTX 1050 Ti, au GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada, kwa umbo fupi. Kuna kadi nyingine fupi, RX 6400, inayovutia kwa sababu ni ya miaka ya karibuni na hula wati 53 tu. Kwenye mtumba wa zamani jihadhari nayo. Imeunganishwa kwa njia nne tu za mawasiliano na ilitengenezwa ikitegemea madabodi za PCIe 4.0, ukiichomeka kwenye madabodi ya kizazi cha nne cha Intel inapoteza sehemu ya nguvu uliyoilipia.

La tatu limekuwa zito tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka rasmi Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, au AMD kuanzia sehemu kubwa ya Ryzen 2000, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kompyuta ya kizazi cha nne haitazimika kwa sababu hiyo, na PES itaendelea kuchezeka. Ila gemu za mtandaoni zimeanza kufunga milango. Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot, na Battlefield 6 ya Oktoba 2025 inadai Secure Boot. Kwa sababu hiyo, mtumba ninaoupendekeza leo ni wenye Core i5-8500, kama OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4. Ina viini sita, na Windows 11 inaikubali bila ujanja. Tofauti ya bei na ile ya kizazi cha nne inauma. Lakini viini vinne vya i5-4590 tayari vinakwama kwenye gemu za karibuni, picha inaganda nusu sekunde katikati ya shambulio, na hakuna kadi itakayoondoa hilo.

Mara moja moja kwenye rafu hizo hutokea HP EliteDesk 705 G4 yenye Ryzen 5 PRO 2400G. Wauzaji wengi huipita kwa kuwa wateja hawaiulizii. Kwa asiye na fedha ya kadi ya picha, hiyo ni bahati: picha zake za ndani, Vega 11, zinaziacha mbali zile za Intel za wakati huo. Tahadhari ni moja. Licha ya namba yake kuanza na 2, ndani ina usanifu wa Ryzen wa mwanzo kabisa, kwa hiyo atakayetaka Windows 11 aitafute kwanza kwenye orodha ya Microsoft.

Pia zipo kompyuta za Xeon. HP Z440 na Dell T5810 zina kasha zito na pawa saplai inayobeba kadi kubwa, jambo ambalo OptiPlex nyembamba haiwezi. Tatizo ni pale mtu anapouziwa viini 14 vya Xeon E5-2680 v4 kwa sifa ya wingi. Gemu nyingi hutegemea viini vichache vyenye kasi, na prosesa hiyo haivuki 3.3 GHz. Kwa studio ya singeli ya Temeke au Mburahati, ambako mtu anafungua nyimbo na video kwa pamoja, viini hivyo vina kazi. Kwa gemu tu, i5 ya miaka ya karibuni inamshinda huyo mzee.

Tuje kwa mwenye fedha ya kununua prosesa mpya, ingawa ya bei ya kati. Hapa ndipo Intel na AMD zinapokutana kweli, na hapa ndipo swali la kadi ya picha linapoamua kila kitu.

Core i5-12400F ilitoka Januari 2022 kwa bei ya Intel ya takriban dola 167. Ina viini sita na nyuzi 12, na kwa monita ya picha 60 au hata 144 kwa sekunde bado inatosha kwa gemu nyingi. Herufi F maana yake haina picha za ndani kabisa. Bila kadi, kompyuta inawaka, feni zinazunguka, monita inabaki nyeusi. Anayeambiwa "utaongeza kadi mwezi ujao" huku akikabidhiwa F amepewa kompyuta isiyotumika kwa mwezi mzima, na kwa familia ambayo mtoto anasubiri kuifanyia kazi za shule hilo ni kosa kubwa. Dada yake, i5-12400 isiyo na F, ina picha za ndani zinazosaidia sana kukata video, lakini kwa gemu ni dhaifu.

Ryzen 5 5600G, iliyoingia madukani Agosti 2021, nayo ina viini sita na nyuzi 12, na juu ya hapo ina Vega 7. Mwenye hiyo anacheza GTA V, Valorant na gemu za mpira kwa ubora wa chini au wa kati bila kadi yoyote. Kwa mtu wa kipato cha kawaida wa Tandika au Mwananyamala anayetaka mashine mpya na bado hana ya kadi, sioni kinachoikaribia. Ila ina sharti moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: ramu iwe vipande viwili. Picha za ndani hazina kumbukumbu yao. Zinaazima ramu ya kompyuta, na zinaitegemea ramu hiyo kwa kasi. Kipande kimoja cha GB 16 kinaiacha Vega ikipumua kwa njia moja. Vipande viwili vya GB 8 vinafungua njia ya pili, na fremu zinapanda kwa kiasi ambacho jicho linakiona. Bei inakaribiana; nguvu haikaribiani.

Halafu kuna upande wa pili wa 5600G. Kashe yake ya ngazi ya tatu ni MB 16, wakati 5600 isiyo na G ina MB 32. Kashe ni kama bidhaa zilizopangwa kwenye kaunta: kinachoulizwa sana kikiwa karibu, muuzaji haendi stoo. Kwa hiyo siku mwenye 5600G atakapochomeka kadi nzuri, prosesa yake itakuwa nyuma ya 5600 na nyuma ya 12400F, na tena inazungumza na kadi kwa PCIe 3.0 tu. Uamuzi wangu ni huu. Kama kadi itakuja mwaka ujao au haijulikani lini, nunua 5600G. Kama kadi inanunuliwa siku ile ile, chukua 12400F au Ryzen 5 5600, ile itakayokuwa na madabodi ya bei nafuu siku hiyo dukani. Bajeti ikibana zaidi, i3-12100F pamoja na kadi nzuri inampa mchezaji wa mpira raha kuliko i5 yenye kadi duni.

AMD ina hoja nyingine ambayo kwetu ina thamani ya pekee, kwa kuwa sisi hujenga kompyuta kwa awamu. Soketi ya AM4 ndiyo iliyotumiwa na Ryzen za kwanza, na madabodi ya B450 iliyonunuliwa 2018, ikishasasishwa BIOS, inapokea Ryzen 7 5800X3D ya 2022 au 5700X3D ya 2024. Intel haijawa na uvumilivu huo. Mtego unaowaumiza wengi ni wa kizazi cha sita na cha saba dhidi ya cha nane na cha tisa: soketi zote zinaitwa LGA1151, prosesa inaingia vizuri, lakini kwenye madabodi ya zamani haiwaki. Soketi ya LGA1700 imekuwa na huruma zaidi, inabeba kizazi cha 12, 13 na 14.

Umeme ni sehemu ya bei ya prosesa, hata kama haiandikwi kwenye boksi. Mteja wa kawaida wa TANESCO hulipa karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi. Kompyuta ya 12400F na kadi ya kawaida ikila wati 200 wakati wa gemu, saa tano ni uniti moja. Saa nne kila siku kwa mwezi ni uniti 24, kama shilingi 8,500 hivi. Mashine ya wati 500 inafika uniti 60, zaidi ya 21,000. Kuna kaya ambazo hesabu yake ni kali zaidi: zile zilizo kwenye daraja la matumizi madogo, zinazolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayovuka hapo. Nyumba inayotumia uniti 60, ikiongezewa 24 za gemu, inavuka mstari. Mzazi wa Yombo anayeona LUKU inaisha haraka tangu kompyuta ilipoingia ana haki ya kuelezwa hili kabla ya kununua.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa Februari 2024. Bwawa zima limejengwa kutoa megawati 2,115. Hata hivyo umeme wa mtaani bado hukatika na kurudi kwa kishindo. UPS ya VA 650 hubeba wati zisizofika 400, na wengi husoma 650 wakidhani ni wati. Kwa prosesa za wati 65 kama 5600G inatosha na kumpa mtu muda wa kuzima kwa utaratibu. Kwa Core i9-14900K, inayoruhusiwa kuvuta hadi wati 253 peke yake, haitoshi.

Joto nalo. Kuanzia Desemba hadi Machi jiji hufika nyuzi 32, na chumba chenye bati bila dari kinazidi hapo. Feni inayokuja kwenye boksi la 12400F au 5600G inatosha, mradi kasha lina njia ya hewa na vumbi la barabara ya Chamazi au Bunju linapulizwa mara kwa mara. Mtumba wa miaka kumi ubadilishwe pesti ya prosesa siku ya kwanza, iliyomo imekauka.

Kwa wenye fedha nyingi sitakaa sana. Prosesa za AMD zenye herufi X3D, kuanzia 5800X3D yenye kashe ya MB 96 hadi 7800X3D ya 2023 na 9800X3D ya Novemba 2024, ndizo zinazoongoza kwenye gemu, na zinafanya hivyo kwa umeme mdogo kuliko wapinzani. Intel za juu za kizazi cha 13 na 14 zilipata hitilafu ya volteji iliyoziharibu taratibu. Agosti 2024 Intel ilitoa marekebisho ya BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini dhamana ya prosesa iliyonunuliwa Dubai, mtaa wa Khalid bin Al Waleed, huenda ikalazimu kudaiwa Dubai. Anayeuziwa i7-13700K iliyotumika kwa bei ya kushangaza hana njia ya kujua imeshakula miezi mingapi ya volteji mbaya. Aiache.

Unapokagua prosesa iliyotumika, ujue pini ziko wapi. AMD za AM4 zina pini kwenye prosesa yenyewe: igeuze, iangalie kwa pembeni kwenye mwanga, mstari wowote uliopinda utaonekana. Intel pini zipo kwenye madabodi, hivyo fungua kifuniko cha soketi kabla ya kulipa. Ryzen PRO iliyochomolewa kwenye Lenovo inaweza kuwa imefungwa na kiwanda kwa madabodi za Lenovo tu. Usiinunue bila kuiona ikiwaka kwenye madabodi yako. Na uombe CPU-Z ifunguliwe mbele yako, usome jina la prosesa pamoja na idadi ya njia za ramu.

Ramu ndiyo inayobadilisha hesabu sasa hivi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, inakubali ramu ya DDR5 peke yake, kwa hiyo Ryzen 5 7600 inayoonekana nafuu inaweza kuwa ghali ikishafungwa. AM4 inatumia DDR4, na 12400F ina madabodi za aina zote mbili, DDR4 na DDR5, zinazofanana sana kwa sura na kwa jina. Mwenye vipande vyake vya DDR4 asome boksi la madabodi hadi mwisho kabla ya kutoa fedha, kwa sababu ramu ya aina moja haiingii kwenye sloti ya nyingine.